“Hajawahi kunipiga.” Je, huu ni ukatili au ni ndoa ngumu tu?

“Mshauri, habari za kazi. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi mkoani Morogoro. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2014, tuna mtoto mmoja wa miaka sita. Niliondoka nyumbani miezi saba iliyopita. Mume wangu hajawahi kunipiga. Halewi, na kanisani anaheshimika. Lakini mshahara wangu ukiingia kadi anashika yeye, mimi napewa hela ya matumizi na naandika kwenye daftari. Jioni analikagua, ikipungua hata shilingi 200 hatulali. Dada yangu aliacha kuja kwetu, sijui ilianzaje. Nikichelewa kutoka shule anapiga video nimwonyeshe nilipo na niliokaa nao. Mara moja tu alinishika shingo akanibana ukutani, kidogo tu, akaniachia. Kesho yake akaninunulia simu hii ninayoandikia. Sasa wazee na msimamizi wetu wa ndoa wanasema nirudi, amebadilika, amelia mbele yao. Yeye anasema mtoto akifika miaka saba ni wake kisheria, na kwamba mimi niliyeondoka sina changu. Nilipo anajua hata nisipomwambia mtu. Nimembloki, sasa ananitumia shilingi 500 kwa M-Pesa, siku nyingine mara tano, ili nione tu jina lake. Likitokea mikono inatetemeka, na bado kuna siku namkumbuka. Je, huu ni ukatili, au ni ndoa ngumu kama nyingine na mimi ndiye nimeshindwa kuvumilia? Na hizo hela nimrudishie?”

Dada yangu, pole. Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: ndiyo, huu ni ukatili, na haukuisha siku uliyobeba begi. Nimesikia upande mmoja, hilo nalijua. Lakini kwenye ndoa ngumu kuna wawili wanaobishana. Kwenye barua yako kuna mmoja anayekagua na mwingine anayekaguliwa.

Kabla ya daftari na wazee, turudi kwenye sentensi uliyoipita mbio: “alinishika shingo, kidogo tu.” Hakuna sentensi nzito kama hiyo katika yote uliyoandika. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita pembeni mwa shingo, karibu na ngozi. Ikibanwa sawasawa mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kumi hivi, na kesho yake usione hata mchubuko. Watafiti wa Marekani waliochunguza mauaji ya wanawake yaliyofanywa na wenzi wao walichapisha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa kwenye hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara saba, ukimlinganisha na wanawake walionyanyaswa bila kukabwa. Hiyo haina maana kwamba mume wako atakuua. Ina maana kwamba neno “hajawahi kunipiga” lisikupe utulivu ambao hauna msingi, wewe wala wazee wako. Na ile “kidogo tu” waliokabwa wengi huisema, kwa sababu aliachia. Alipoachia ulikuwa umeshajua kwamba anaweza, na nadhani tangu siku hiyo hakuhitaji kurudia.

Kama tangu wakati huo unaumwa kichwa mara kwa mara, sauti imekuwa na mkwaruzo, unameza kwa shida, unapata kizunguzungu au unasahausahau, nenda hospitali na umwambie daktari kwa maneno haya haya: nilikabwa shingo. Wanawake wengi husema “nilianguka” au hawasemi kabisa, na daktari anatibu kichwa tu. Ikitokea tena, nenda siku hiyohiyo hata kama huna alama, maana mshipa uliojeruhiwa shingoni unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye.

Jambo la pili linaloongeza hatari ni hilo la kuondoka lenyewe. Miezi ya kwanza baada ya kutengana ni wakati wa kuwa macho, si wakati wa kushusha pumzi, kwa sababu mtu aliyezoea kukushika anahisi unamponyoka. Kwa hiyo lolote kati ya haya ninayokueleza hapa chini ambalo litamshtua, iwe kwenda polisi, kubadili simu au kufungua kesi, lifanye ukiwa umeshajua usiku huo wewe na mtoto mtalala wapi na nani anajua mlipo.

Sasa kipimo. Watu wengi, wakiwemo baadhi ya maafisa ambao kazi yao ni kusikiliza mambo haya, wanatafuta alama mwilini. Mimi nakupa kingine: ukimwambia hapana, unalipa nini?

Chukua lile daftari. Daftari la matumizi lenyewe halina kosa. Wapo wanandoa wanaoandika mpaka bei ya kiberiti na wanalala vizuri. Jiulize kama na yeye alikuwa na la kwake. Jiulize kama ungeweza kusema, “Mwezi huu nimechoka kuandika,” na ikaisha hapo. Kisha tazama kilichofuata shilingi 200 ilipokosekana. Nyumba nyingine mtanuniana mpaka chai ya asubuhi. Kwenu 200 iligharimu usiku mzima wa mahojiano, na asubuhi una darasa zima linakusubiri. Kama uliwahi kuongeza bei ya fungu la nyanya kwenye karatasi ili hesabu ikae sawa, basi ulikuwa unanunua usingizi wako. Kwa hali hiyo pesa haikuwa suala tena. Daftari lilikuwepo ili kila jioni uwe na kosa.

Mwaka 1957 mwanasosholojia wa Marekani, Albert Biderman, alieleza namna wafungwa wa kivita wa nchi yake walivyovunjwa nguvu kule Korea mpaka wakawa watiifu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kipigo hakikuwa cha lazima. Mfungwa alitengwa na wenzake, akanyimwa usingizi, akapewa masharti madogo madogo yasiyo na maana na kutakiwa ayatimize yote, akadhalilishwa, akatishwa, akaonyeshwa kwamba wakubwa wanajua kila kitu chake. Halafu mara mojamoja akapewa fadhili ndogo. Waliokuja kufanya kazi na wanawake walionyanyaswa majumbani waliikuta orodha hiyo hiyo sebuleni. Iweke juu ya barua yako: usingizi, daftari, video za kuonyesha ulipo, na simu mpya kesho yake baada ya shingo.

Kuhusu dada yako, unasema hujui ilianzaje. Kwa kawaida huanza hivi. Mume hamfukuzi shemeji yake. Akija, mwenye nyumba ananuna, anajibu kwa mkato, TV inaongezwa sauti. Akiondoka, wewe unahojiwa mlikuwa mnanong’ona nini. Baada ya mara tatu, nne, ni wewe unayempigia dada: “Usije wiki hii, tuna wageni.” Mlango umeufunga kwa mkono wako mwenyewe, ndiyo maana hukumbuki aliyeufunga. Mpigie. Wengi wao wanakuwa wamehisi tangu zamani, na walichokosa ni pa kuanzia tu.

Wataalamu hali hii wanaiita udhibiti wa kushurutisha. England na Wales waliufanya kosa la jinai mwaka 2015, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Tanzania Bara hatuna kosa lenye jina hilo, wala sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, lakini vipande vyake vingi vinagusa sheria tulizonazo, nitakuja huko. (Msomaji aliye Kenya ana nafuu kidogo: sheria yao ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa majumbani inataja mpaka manyanyaso ya kiuchumi na ya kisaikolojia, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi.) Na kabla sijalaumiwa, wapo wanaume wanaofanyiwa haya haya. Kipimo cha neno hapana hakibadiliki.

Unasema halewi na anaheshimika kanisani, kana kwamba hilo linamtetea. Mimi naliona linamfunga zaidi. Kama hasira zake hazizuiliki, mbona hazijawahi kumtoka mbele ya mchungaji? Mtu anayechagua mahali na saa ya kukasirika hajashindwa kujizuia. Na kuhusu kuvumilia: kuvumilia ni kubeba pamoja shida iliyowakuta wote, ugonjwa, msiba, kukosa kazi. Hapa mzigo ulikuwa mmoja wenu.

Kutetemeka kwako hakuna maajabu. Kwa miaka mwili wako ulijifunza kusoma dalili kabla hazijafika: mlio wa geti, namna anavyoweka funguo mezani, jina kwenye kioo cha simu. Kengele hiyo ilikuokoa, na haizimiki kwa sababu umehama nyumba. Hupungua taratibu, mwili ukishaona mara nyingi kwamba jina limetokea na hakuna kilichofuata. Likitokea, kanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Inaonekana ya kitoto, lakini inaupa ubongo taarifa kwamba uko hapa, si kule. Ikiwa baada ya miezi bado huli, hulali, unaota yale yale au unatamani usiamke, usibaki nayo. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, na hilo la kutamani usiamke ni la kwenda leo.

Na kumkumbuka je? Tazama mashine za kubeti pale mtaani. Zingekuwa zinalipa kila mara, mtu angechoka. Zingekuwa hazilipi kabisa, angeondoka. Zinalipa mara mojamoja, bila ratiba, ndiyo maana mtu anamalizia hata nauli. Upole unaokuja bila mpangilio katikati ya hofu hujenga mshikamano mkali kuliko upole wa kila siku, kwa sababu anayekutisha ndiye huyo huyo anayekutuliza. Hamu hiyo ipo kweli, lakini usiifanye ushahidi kwamba mlikuwa sawa.

Nije kwenye simu. Unasema anajua ulipo hata usipomwambia mtu. Huenda kuna shemeji au jirani anayepeleka habari. Lakini simu unayoandikia aliinunua yeye. Nani aliiwasha mara ya kwanza? Gmail iliyomo nani alifungua, na nywila anayo nani? Mwenye nywila ya akaunti ya Google iliyo kwenye simu anaweza kuona simu ilipo, picha zilizohifadhiwa na hata ulichotafuta, akiwa amekaa kwake. Hahitaji mganga wala rafiki polisi.

Hapa watu hukosea kwa haraka. Wanafuta kila kitu usiku mmoja, yule wa upande wa pili anaona giza ghafla, anakuja kuangalia kwa macho. Anza kwa kutumia simu ya mtu mwingine kwa mambo yote ya msaada, sheria na safari. Kisha hifadhi ushahidi: piga picha za skrini zinazoonyesha namba yenyewe, si jina ulilomsevu, pamoja na tarehe na saa. Sauti alizotuma zihamishe kwenye barua pepe mpya iliyofunguliwa kwenye simu ya dada. Halafu chagua siku ambayo wewe na mtoto mko mahali salama. Siku hiyo, kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa uondoe usivyovijua, weka uthibitishaji wa hatua mbili kwa tarakimu sita ambazo si mwaka wa kuzaliwa mtoto. Kwenye ramani za Google zima ushirikishaji wa mahali. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine, na kama ndivyo, ##002# huondoa. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kwa sababu kidole chako kiliwahi kuwa chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Badili namba ya siri ya M-Pesa na ya benki. Kadi ya mshahara usimdai: nenda benki na kitambulisho, waeleze kadi haiko mikononi mwako, wakuzuilie ile na kukupa mpya. Kama uwezo upo, lililo bora kuliko yote ni simu nyingine ya bei nafuu yenye akaunti mpya, bila kurejesha nakala ya ile ya zamani, kwa sababu ukirejesha umehama na mpelelezi wako.

Kumbloki nako kuna hesabu zake. Umepata utulivu, lakini umefunga njia ambayo vitisho vingepita vikabaki kama ushahidi, na mambo ya mtoto hayana pa kupitia. Wengi wanafanikiwa zaidi kwa kubakiza njia moja ya maandishi, imenyamazishwa, inayofunguliwa mara moja kwa siku, mchana, ukiwa na mtu. Humo unajibu habari za mtoto tu, kwa sentensi fupi isiyo na moto wala asali: “Hela ya basi la shule ni 40,000. Mwisho tarehe 15.” Akiandika kurasa tatu za mapenzi au matusi, humo hamna swali la mtoto, kwa hiyo hamna jibu.

Mtoto na miaka saba. Hili limewarudisha wanawake wengi kwenye nyumba walizozikimbia, na si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Inachosema kuhusu miaka saba ni kwamba aliye chini ya umri huo inadhaniwa ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Hakuna mahali inaposema akitimiza saba anahamia kwa baba. Baada ya hapo mahakama inapima: anaishi vipi, anasoma wapi, nani amemlea, na yeye mwenyewe anasema nini akiwa na umri wa kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasimama kwenye maslahi ya mtoto.

Lakini usimnyime baba kumwona mtoto kwa sababu tu una hasira naye. Hakimu ataliona vibaya, na mtoto atakuja kukuuliza. Badili namna ya kukabidhiana: asije mlangoni kwako, akutane na mtoto kwa bibi, shuleni, au kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto asibebe ujumbe wala asihojiwe akirudi, hata na wewe. Akikuambia “baba ameniuliza tunalala na nani,” mjibu tu, “Hayo ni maswali ya wakubwa, wewe ukiulizwa sema sijui, hutakosea.” Kisha andika tarehe. Ikiwa amewahi kutishia kutoroka naye au kumdhuru, hesabu zote hizi zinabadilika: nenda ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia kabla ya ziara inayofuata.

La “aliyeondoka hana chake” nalo halina mguu. Mgawanyo wa mali uko kifungu cha 114, na mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Wewe una mshahara juu yake, ingawa ulikuwa unapita kwenye kadi aliyoshika mwingine. Chukua benki taarifa za akaunti za miaka yote wanayoweza kukupa. Tafuta nakala za cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa mtoto, mkataba wa mauziano ya kiwanja, hata risiti ya mabati. Nyumba ya ndoa hairuhusiwi kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hicho ni kifungu cha 59. Ukihofia atauza, kwenye ardhi iliyosajiliwa unaweza kuweka zuio, watu wa ardhi wanaliita kavieti. Isiyosajiliwa, peleka barua serikali ya mtaa na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Sasa wazee. Nawaheshimu, na sidhani wana nia mbaya. Wamemwona mtu mzima analia. Tatizo ni kwamba machozi ni kitu kimoja ambacho hakimgharimu chochote mbele ya watu, na mabadiliko hayaonekani hapo. Yanaonekana pale unapokataa. Waambie wazee, kwa adabu, kwamba hukatai suluhu, ila unaomba waone mambo machache kwanza. Awaeleze yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kuhusu shingo na kadi ya benki, bila “lakini na yeye”. Atume matunzo ya mtoto kila mwezi tarehe ile ile bila kudai kukuona. Shilingi 500 zikome. Na likitajwa neno “bado sijawa tayari”, tuone anafanya nini. Ipite miezi sita, si wiki mbili. Anayebadilika atalalamika kidogo na kuendelea. Asiyebadilika ataanza kuwalaumu wazee.

Wakikuita kikao cha pamoja, una haki ya kuomba usikilizwe peke yako. Ushauri wa wanandoa pamoja ni mzuri kwa watu wanaogombana wakiwa sawa. Mmoja akiwa anamwogopa mwenzake, anayosema ndani ya chumba atayalipia nje. Hivyo hivyo kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo kwa kawaida ni lazima mlipitie kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa mazingira ya pekee ambayo mahakama itaridhika nayo. Baraza halina uwezo wa kukuamuru urudi. Likishindwa kuwasuluhisha linatoa hati, na hiyo ndiyo unayoenda nayo mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo.

Una njia tatu na hakuna iliyo bure. Ukibaki ulivyo, mmetengana kienyeji, unapata muda wa kufikiri, lakini huna amri yoyote mkononi na yeye anaendelea kujaribu milango. Ukienda mahakamani, kuomba kutengana kisheria au talaka, utachoka na utasemwa. Lakini ukatili wa kiakili ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inayatazama ikipima kama ndoa imevunjika, na kesi ikishakuwepo kifungu cha 140 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aache kukusumbua na kujilazimisha kwako. Ukirudi, sitakuita mjinga, wengi hurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja. Ila usirudi mikono mitupu: akaunti ya mshahara ibaki kwako, nakala za vyeti zibaki kwa dada, na jirani mmoja ajue kwamba ukimtumia neno fulani la kawaida, tuseme “una ndimu?”, apige polisi.

Andika. Daftari unalijua, safari hii ni lako. Tarehe, saa, alichofanya, maneno yake yenyewe, aliyekuwepo. Usiandike “alininyanyasa sana”, andika “alipiga simu mara 14 kati ya saa 4 na saa 6 usiku.” Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ueleze na la shingo, uondoke na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Nikuambie ukweli: tukio la zamani lisilo na shahidi wala PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) ni gumu kusimama peke yake mahakamani. Lakini likiwa kwenye kumbukumbu, linalofuata halitaonekana la kwanza. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, mila iseme isemavyo. Vitisho ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ujumbe wa kielektroniki unaotumwa kwa nia ya kumtisha au kumtesa mtu kihisia. Ukipokewa vibaya dawatini, rudi siku nyingine na mtu, au omba mkuu wa kituo. Wanasheria wa WLAC na TAWLA, mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 hutoa msaada bila malipo. Kwa mambo ya mtoto piga 116.

Usisubiri ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo, siku utakapoona haya: anatishia kukuua au kujiua, amekufuata kazini au njiani, ana panga au silaha, amekugusa shingo tena, au amekuwa mtulivu ghafla na kuanza kugawa vitu vyake na kuaga watu. Ondoka kwanza, piga 112, mengine yatafuata.

Na zile shilingi 500. Usizirudishe, na usimpigie kumwambia aache. Ukirudisha leo baada ya muamala wa tano, amejifunza kwamba jibu lako linapatikana kwa 2,500, na kesho atatuma sita. Kwa kawaida ukinyamaza zitaongezeka kwanza kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, kwa hiyo usishtuke zikifika kumi. Nyamazisha ujumbe wake usilie, usizitumie, ziache zikae. Mwisho wa mwezi omba kampuni ya simu taarifa ya miamala iliyochapishwa. Itakuwa na jina lake, tarehe na saa ya kila moja, na utaibandika kwenye daftari.